Jicho ni Mlango wa Uani

Leo tutaanza kwa kitendawili, kama ilivyo desturi yetu darasani wakati wa mchana, watoto wanapoanza kusinzia. Kitendawili! Maji yamwagika uani, barazani kwalowa.

Kwa kuwa hatuwezi kuyasikia majibu yenu, tutajipa mji wenyewe, tustarehe humo kidogo, kisha tutawaambia. Jawabu lake ni jicho na pua. Mtu akilia, hata kama hana mafua, pua yake hutiririka mpaka atafute kitambaa. Mpishi akatapo vitunguu hupatwa na hayo hayo. Na mgonjwa aliyetiwa dawa ya matone machoni, baada ya muda mfupi husikia uchungu wa dawa ile kooni, naye hushangaa, maana hakunywa kitu.

Twaomba mlishike jambo hili dogo, kwa sababu mazungumzo yetu yote ya leo yamejengwa juu yake. Twataka kueleza jinsi maradhi ya pua, koo na mapafu yawezavyo kumwingia mtu kwa njia ya jicho. Ni kwa kiasi gani yatupasa kuiogopa njia hiyo. Na ni mambo gani yampasayo mtu auguzaye mgonjwa nyumbani mwake.

Kwanza tulitazame jicho lenyewe. Mtu akichukua kioo na kulivuta kidogo kope la chini, upande ulio karibu na pua, ataona katika ukingo wake kitundu kidogo sana, kama alama ya ncha ya sindano. Kope la juu nalo lina kitundu chake. Hivyo ndivyo vinywa vya mifereji ya machozi. Machozi yenyewe hutengenezwa na tezi iliyo juu ya jicho, upande wa nje, nayo hutoka wakati wote, si siku ya huzuni tu. Kila tupepesapo macho, na mtu mzima hupepesa kama mara 15 kwa dakika, kope huyaeneza machozi juu ya jicho, kisha huyasukuma kuelekea vile vitundu viwili. Huko huingia katika mifereji myembamba, hukutana katika kifuko kilicho baina ya jicho na pua, kisha hushuka kwa mfereji mmoja upitao katika mfupa, na mwisho wake humwagikia ndani ya pua. Kutoka hapo hupita nyuma hata kooni. Machozi tuyaonayo mashavuni mwa mtu aliaye ni yale yaliyozidi, ambayo mfereji haukuweza kuyachukua.

Jambo la pili la kulitazama ni utando wa jicho. Ngozi ya mkono ina matabaka mengi, na tabaka lake la juu ni kavu, tena limekufa. Kijidudu kikianguka hapo hakipati pa kuingia, isipokuwa pana jeraha. Lakini weupe wa jicho na upande wa ndani wa kope umefunikwa na utando mwembamba, mwororo, wenye unyevu, ulio hai mpaka juu. Utando huo hauna kifuniko ila kope, na kope hufunguka mchana kutwa.

Sasa tuje kwa adui. Mafua, homa ya mafua, na ule ugonjwa wa UVIKO-19 ambao wengi twauita korona, huletwa na virusi. Virusi ni vidogo mno. Darubini ya shuleni haiwezi kuvionyesha. Peke yao haviwezi kuzaana. Sharti viingie katika chembe hai za mwili, ambazo vitabu vya shule huziita seli, vikazitumikishe kuvizalisha. Na ili kuingia, kila kirusi hutafuta juu ya chembe kishikizo kinacholingana naye, kama vile ufunguo utafutavyo kitasa chake. Penye kishikizo huingia. Pasipo kishikizo hupita, au hufa.

Basi kirusi kikidondoka jichoni kina njia mbili. Njia ya kwanza ni kuingia katika chembe za utando wa jicho na kuzaana papo hapo. Ndipo jicho huwa jekundu na kuwasha. Njia ya pili ni kupanda machozi kama mtu apandaye mtumbwi, kushuka kwa ule mfereji, na kushukia puani, mahali penye chembe kikitakacho. Kwa njia hii ya pili mtu aweza kuugua mafua yaliyomwingilia jichoni, na jicho lake lisiwe na alama yo yote.

Hata hivyo jicho halikuachwa bila mlinzi. Mnamo mwaka 1922 Alexander Fleming, yule tabibu aliyekuja kuwa mashuhuri baadaye kwa kuvumbua penisilini, aliandika habari za kitu alichokiona katika makamasi na machozi, kiitwacho laisozimu, chenye nguvu ya kuyeyusha bakteria wa namna nyingi. Machozi yana walinzi wengine pia, miongoni mwao zile kinga ambazo mwili huzitengeneza baada ya kuugua au kuchanjwa. Tena machozi huosha. Lakini hapa ndipo penye ajabu: maji yale yale yaoshayo jicho ndiyo yachukuayo uchafu wa jicho na kuupeleka puani. Mlinzi wa uani humfukuza mwizi, naye mwizi hukimbilia barazani.

Yamkini msikilizaji mmoja atasema, "Haya ni maneno ya vitabuni. Ni nani aliyehakikisha?" Ni swali jema, nasi twapenda wanafunzi wetu waulize hivyo daima.

Baada ya ile homa kuu ya mwaka 1918, iliyoua mamilioni ya watu ulimwenguni na kufika hata kwetu Afrika ya Mashariki, waganga wengi walijiuliza kama barakoa ya kufunika kinywa na pua yatosha. Daktari mmoja wa Marekani, Kenneth Maxcy, alichapisha majaribio yake mwaka 1919. Aliwaweka watu wakiwa wamefunikwa vizuri, macho tu ndiyo yaliyokuwa wazi, akarusha hewani manyunyu yenye bakteria wasiodhaniwa wakati ule kuwa na madhara. Kisha alitafuta bakteria wale puani mwa watu, akawaona humo baada ya dakika chache. Hawakuwa na njia nyingine ya kufika huko ila ule mfereji wa machozi. Takriban miaka 90 baadaye, jaribio la namna hiyo lilifanywa tena huko huko Marekani, safari hii kwa virusi vya homa ya mafua vilivyodhoofishwa, ambavyo hutumiwa kuwa chanjo. Habari zake zilitolewa mwaka 2011: hata watu walioachwa wazi macho tu, virusi vilionekana puani mwao.

Lakini kuonekana puani si sawasawa na kuugua. Kwa hiyo tutaje mengine. Mwaka 1973 waganga wa Chuo Kikuu cha Virginia waliandika habari za mafua ya kawaida. Waliona ya kuwa virusi vya mafua hudumu vikiwa hai juu ya vidole kwa muda wa kutosha. Na watu waliokubali kujaribiwa walipogusa virusi kwa kidole, kisha wakagusa utando wa jicho au pua, baadhi yao walishikwa na mafua. Na mwaka 1981 Daktari Caroline Breese Hall na wenzake, wa mji wa Rochester, waliandika habari za virusi viitwavyo RSV kwa kifupi. Kwa mtu mzima mwenye afya RSV kwa kawaida huleta mafua tu, lakini kwa mtoto mchanga vyaweza kuziba njia za pumzi na kuleta hatari ya kifo. Waganga hao walitia virusi hivyo kwa watu wazima waliokubali, wengine puani, wengine jichoni, wengine kinywani. Jicho na pua zilipokea ugonjwa kwa kadiri moja. Kinywa kilipokea kidogo sana. Twawasihi mlikumbuke jambo hilo, kwa maana sisi sote tumezoea kumkataza mtoto asitie kidole kinywani, lakini ni mara chache tumkatazapo kujisugua jicho.

Yako pia maradhi ambayo yenyewe huonyesha njia yalikopita. Mwaka 2003 ugonjwa wa homa ya ndege uliingia katika mabanda ya kuku huko Uholanzi. Watu 89 walihakikishwa kuwa wameambukizwa, na wengi wao hawakukohoa, bali waliumwa macho. Mmoja, aliyekuwa mganga wa mifugo, alifariki kwa ugonjwa wa mapafu. Tena mwaka 2024, homa ya ndege ya namna nyingine ilipoingia katika ng'ombe wa maziwa huko Marekani, wakamuaji walioambukizwa walikuwa karibu wote na macho mekundu. Sababu yake si ngumu kuelewa. Katika kukama, maziwa hurukia usoni. Na chembe za utando wa jicho la mwanadamu zina vishikizo vinavyolingana na vile ambavyo virusi vya ndege huvipenda.

Nasi huku kwetu hatukusahau mwezi wa Januari 2024, wakati ugonjwa wa macho mekundu ulipoenea Dar es Salaam na mikoa mingine ya Tanzania, ukafika na Mombasa na pwani ya Kenya. Katika madarasa yetu madawati yalibaki matupu. Ugonjwa ule uliletwa na virusi, na ulipita kutoka mkono hata mkono, kutoka taulo hata taulo. Katika virusi vyenye tabia ya kushika macho, mashuhuri ni vile viitwavyo adenovirusi. Na katika jamii hiyo hiyo wamo wanaoshika macho na koo pamoja, hata mtoto akawa na homa, koo lauma, na macho mekundu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba maradhi ya macho ni nyumba moja na maradhi ya kifua ni nyumba nyingine. Ni nyumba moja yenye milango miwili.

Sasa imetupasa kusema kwa kipimo, tusije tukawatia watu hofu isiyo na sababu. Katika mwezi wa Januari 2020, Daktari Wang Guangfa wa Peking, mtaalamu wa maradhi ya mapafu, alikwenda Wuhan kuwaangalia wagonjwa, naye akaugua. Aliandika ya kuwa alivaa barakoa iliyo bora, lakini hakukinga macho. Tena kwamba jicho lake la kushoto lilianza kuuma kabla ya homa kumshika. Alidhani ugonjwa ulimwingia hapo. Dhana yake yaweza kuwa kweli, lakini mtu mmoja hatoshi kuwa ushahidi. Baadaye, huko China, wataalamu walitia virusi vya korona katika macho ya nyani, na nyani waliugua ugonjwa mwepesi. Basi mlango upo.

Ni mpana kiasi gani? Katika mji wa Chennai, nchini India, walikuwapo watumishi wa afya waliotembea nyumba kwa nyumba mwezi wa Mei 2020. Walikuwa 62, wakivaa barakoa na mipira ya mikono, na kusafisha mikono kwa dawa. Walitembelea nyumba 5,880, na 12 kati yao waliambukizwa. Ndipo walipopewa kinga za uso za plastiki, zilizofunika tangu paji hata kidevu. Watumishi 50 wakaendelea na kazi, wakatembelea nyumba 18,228, wakakutana na wagonjwa wengi kuliko kwanza, na hapana hata mmoja aliyeambukizwa. Habari hiyo yatia moyo. Lakini kinga ile haikufunika macho peke yake. Ilikinga na pua na kinywa, tena ilizuia mkono usifike usoni. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba faida yote ilikuwa ya macho.

Na huko Norwei, katika mwaka 2022, watu zaidi ya 3,700 waligawanywa makundi mawili kwa kura. Kundi moja liliombwa kuvaa miwani ya kawaida kila wakaribiapo watu nje ya nyumba zao. Kundi la pili halikuombwa. Baada ya wiki mbili, wale walioonekana kuwa na korona kwa vipimo walikuwa karibu sawa katika makundi yote mawili. Kwa mtu apitaye njiani au sokoni, basi, miwani si ngao ya kutegemea.

Twajifunza nini kwa habari hizi mbili zisizofanana? Twajifunza ya kuwa mlango mkuu wa maradhi haya ni pua, kwa hewa tuivutayo, hasa katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi. Jicho ni mlango wa uani. Hautumiwi sana kama ule wa mbele. Lakini mtu aliyekaribia mgonjwa, akakoholewa usoni, au akamgusa kisha akajigusa, huo ndio mlango ambao mara nyingi huusahau. Mwenye nyumba aliyefunga komeo mbele na kuacha uani wazi hawezi kusema kwamba amefunga nyumba.

Hapa twaomba ruhusa kusimulia habari ya nyumbani. Katika mwaka 2021 mwenzetu mmoja, mwalimu kama sisi, alikuwa akimwuguza baba yake. Mzee alikohoa sana, na pumzi zilimwenda mbio. Mwenzetu alikuwa mwangalifu. Alivaa barakoa mchana na usiku, aliwazuia watoto wasiingie chumbani, alifungua madirisha ijapokuwa mzee alilalamika baridi. Alimlisha uji kwa kijiko, akamfuta kinywa kwa kitambaa. Nasi tulipokwenda kumjulia hali, tukasimama uani kwa mbali, tulimwona akitoka chumbani, jasho linamtoka, usingizi umemlemea. Akashusha pumzi, akajifuta macho yote mawili kwa mkono ule ule uliokuwa ukishika kitambaa. Hakuna mmoja wetu aliyemwambia neno. Sisi wenyewe hatukuona kosa, maana barakoa yake ilikuwa mahali pake.

Siku ya tano aliugua. Mzee tulimzika juma lile. Mwenzetu alikaa hospitali siku nyingi, akapona. Hatusemi ya kwamba ugonjwa ulimwingia jichoni. Hilo hapana ajuaye. Pengine ulimwingia kwa hewa ya chumba, kwa pembeni mwa barakoa. Lakini tangu siku ile tumejua ya kuwa tulikuwa tukitazama mlango ulio wazi, wala hatukujua kuwa ni mlango.

Katika yote tuliyosema, mwenye kulifungulia jicho adui ni mkono. Hewa yaweza kuleta matone machoni, ndiyo, lakini mkono hupeleka mara nyingi zaidi. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako. Mwaka 2015 zilitolewa habari za wanafunzi 26 wa udaktari huko Australia, waliotazamwa wakiwa darasani. Kila mmoja aligusa uso wake kwa wastani wa mara 23 kwa saa, na karibu nusu ya miguso hiyo ilifika kinywani, puani au machoni. Tena hao ni watu wanaosomea uganga!

Nasi tulipoisoma habari hiyo tulitaka kuihakikisha chuoni kwetu. Tulimweka kijana mmoja nyuma ya darasa, na kalamu na karatasi, ahesabu kwa siri katika somo moja ni nani agusaye uso mara nyingi. Kipindi kilipokwisha tulimwita asome hesabu yake. Alisita, akatazama chini, akasema kwa haya kuwa aliyewashinda wote ni Bwana Mwalimu. Darasa zima lilicheka, nasi tulicheka pamoja nao, maana lilikuwa kweli: chaki ya ubao hutuwasha macho, na mkono huenda wenyewe.

Basi tutoe mashauri machache, yasiyohitaji fedha nyingi.

La kwanza, mikono ioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni, kwa muda wa sekunde 20 hivi, kila mtu anapotoka kwa mgonjwa, anaporudi kutoka sokoni au safarini, na kabla ya kugusa uso. Pasipo na bomba, kibuyu chirizi cha kopo la plastiki chaweza kutengenezwa na wanafunzi wa darasa la nne, na maji yake ni machache sana.

La pili, jicho likiwasha, lisisuguliwe kwa vidole ambavyo havijaoshwa. Nawa kwanza, au tumia kitambaa safi kilicho chako mwenyewe. Na mwalimu awafundishe watoto hivyo tangu darasa la kwanza, kama afundishavyo kushika kalamu.

La tatu, vitu vya uso visishirikiwe: taulo, kitambaa, mto wa kulalia, na hata kijiti cha wanja. Akina dada na akina mama watuwie radhi, lakini wanja mmoja ukipita macho ya watu sita katika nyumba ya harusi, na mmoja wao akiwa na macho mekundu, si ajabu wote sita wakaamka kesho yake na macho mekundu.

La nne ni la mwuguzaji wa nyumbani. Avae barakoa, afungue madirisha, na akimlisha au kumsafisha mgonjwa akohoaye, akae ubavuni pake, asikae uso kwa uso. Akipata miwani ya kukinga macho iliyoziba pembeni, au kinga ya uso ya plastiki, aivae pamoja na barakoa, wala si badala yake. Miwani ya kawaida ina nafasi pembeni. Yaweza kuzuia matone yarukayo moja kwa moja, lakini asiitegemee sana. Akimaliza kazi, anawe kwanza, ndipo avue vitu vya usoni, kisha anawe tena. Kwa sababu wakati wa kuvua ndio wakati ambao vidole hufika karibu kabisa na macho. Na mtu mwenye mafua, ajapokuwa ni shangazi mwenye mapenzi, asimbusu mtoto mchanga wala asimshike usoni.

La tano, matone ya mgonjwa yakiruka na kuingia jichoni, lioshwe jicho mara moja kwa maji safi mengi. Jicho likiwa jekundu, usilitie maziwa, wala mkojo, wala ndimu, wala maji ya majani usiyoyajua. Wakati wa ugonjwa wa mwaka 2024 Wizara ya Afya ya Tanzania iliwaonya watu wasijitilie dawa zisizo rasmi, kwa maana jicho lililoumwa na virusi laweza kupona, lakini lililounguzwa na dawa ya ovyo laweza kupofuka. Likiuma sana, au likishindwa kuvumilia mwanga, au likiona ukungu, mgonjwa apelekwe hospitali bila kukawia.

Na la sita, chanjo zilizopo zipokewe, hasa na wazee na wagonjwa wa siku nyingi. Mkono wa mtu husahau, na barakoa hulegea. Lakini kinga iliyo mwilini humngoja adui, aingie kwa mbele au kwa uani.

Wasikilizaji wetu, hatukusema maneno haya ili mtu aogope kumwuguza baba yake au mama yake. Yule mwenzetu tuliyemtaja, alipopona, alisema mbele yetu kwamba hajutii hata usiku mmoja aliokesha karibu na baba yake. Mwaka jana mama yake naye aliposhikwa na kikohozi, alimwuguza vile vile kwa mikono yake. Ila safari hii aliweka kibuyu chirizi na kipande cha sabuni mlangoni pa chumba, na kila alipotoka tulimsikia kwanza maji yakitiririka, ndipo tulipomwona akijifuta uso.

Kwa leo tumefika mwisho. Twawaageni, nanyi mkae salama.